Baba anataka kushika usukani siku ya mwisho ya safari yetu ya jahazi

Bi Mshauri, Assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Leicester, Uingereza. Kwetu ni Lamu, mtaa wa Langoni. Tumezaliwa watatu: kaka yangu mkubwa yuko Muscat, dada yetu ameolewa Mombasa, nami ni kitindamimba. Mama alishatangulia mbele ya haki. Baba amebaki Lamu katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na babu yetu, na anayemwangalia ni binti ya ami yetu, Mungu amlipe.

Agosti hii, shule za huku zikifungwa, tumepanga kukutana wote, ndugu, wake, waume na wajukuu. Tumekodi jahazi pamoja na nahodha wake na mabaharia wake. Tutatoka Lamu, tupite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hadi Mtangawanda, bandari ya kisiwa cha Pate, tutembee Pate, tuingie Siyu watoto wakaone ngome, kisha turudi. Watoto wangu hawajawahi kulala chomboni. Wanahesabu siku.

Baba ana miaka 74. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi yaliyobeba boriti na mapau kutoka Lamu kwenda Mombasa, akapanda ngazi mpaka akawa nahodha. Boriti zilipopigwa marufuku kuuzwa nje ya nchi mwaka 1982, biashara ikalegea, naye akaacha bahari akafungua duka. Miaka yote hiyo hatukumsikia akilalamika. Lakini tangu tumwambie habari ya safari hii amekuwa mtu mwingine. Kila nikimpigia simu ananiuliza chombo kina urefu gani, tanga ni jipya au la zamani, nahodha ni mtoto wa nani. Wiki iliyopita akanitolea lake la moyoni: siku ya mwisho, tukiwa tunarudi, anataka apewe usukani yeye. Nikamwambia, baba, wewe pumzika, sisi ndio tunaokutembeza. Akanijibu, "Sitaki kurudishwa Amu kama gunia la nazi." Amu ndiyo Lamu, kwa ulimi wa wazee wetu.

Bi Mshauri, naogopa. Baba anatumia dawa za presha, ikiwemo ile ya kumkojoza. Jicho la kulia alitolewa mtoto wa jicho, la kushoto bado anasubiri. Nikimwazia amekaa tezi, huko nyuma ya chombo kwenye usukani, jua kali, upepo wa kusi, na wanangu wamo chomboni humo humo, usingizi unaniruka. Dada anasema tumkatalie kwa adabu. Binti ya ami yetu anasema tukimkatalia tutamvunja.

Na siku hiyo hiyo ya mwisho kila mtu ana lake. Kaka anataka turudi kwa nje, tupitie kisiwa kidogo cha Manda Toto tukavue nguru, tushuke na bahari kuu hadi kijiji cha Shela, kwa sababu anasema kupita ndani Mkanda ni safari ya wazee. Wifi yangu anataka watoto waogelee Shela. Na ndege yetu ya kwenda Nairobi inaruka kutoka uwanja wa Manda saa nane mchana siku hiyo, kisha usiku tunaunganisha kwenda London.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniumiza zaidi. Nyumba ya baba imechakaa. Dari la chumba cha juu linavuja na boriti zimeanza kuoza. Kaka amepata mnunuzi, mgeni kutoka Ulaya, ametaja bei nzuri. Mpango wa kaka ni nyumba iuzwe, baba ahamie Mombasa kwa dada, na fedha zitengwe kwa matibabu yake, nyingine tugawane. Baba hajaambiwa. Kaka anasema tumwambie siku ya mwisho tukiwa chomboni, kwa sababu atakuwa amefurahi, sote tupo, na hataweza kuondoka akajifungia chumbani kama alivyofanya mama alipofariki. Dada amekubali. Mimi nimenyamaza, na kunyamaza kwangu kumehesabiwa kuwa ni kukubali.

Nilipomgusia baba kwa mbali kwamba labda angekuja kukaa Mombasa kidogo baada ya safari, alicheka akasema, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Sikujua nimjibu nini.

Nisaidie. Je, tumpe usukani? Na habari ya nyumba tumwambie lini?

Binti wa Nahodha, Leicester

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Mpeni baba yenu usukani. Na neno la nyumba lisipande chomboni kabisa. Hayo mawili ndiyo majibu yangu, na sasa nikueleze kwa nini, na namna ya kulifanya la kwanza bila mtu kuumia.

Nianze na ratiba, kwa kuwa mmeifunga mahali pabaya. Agosti ni kusi, upepo unaotoka kusini. Mkitoka Lamu kwenda Pate upepo utakuwa mgongoni, mtakwenda kwa raha mkidhani bahari yote ndivyo ilivyo. Siku ya kurudi ndiyo mtalipa: upepo uko usoni, chombo kinabisha huku na huku au kinawasha mashine, na safari iliyochukua asubuhi moja wakati wa kwenda huenda ikala siku nzima. Kwenye kaskazi, Desemba na Januari, hesabu inageuka, kwenda ndiko kunakosumbua na kurudi ni kuteremka tu. Ninyi mmechagua msimu ambao siku ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na siku hiyo hiyo mmeitundikia ndege ya saa nane. Nahodha yeyote mwenye haya atawaambia haiwezekani kumwahidi mtu saa ya kufika kwa tanga. Na nahodha asiye na haya ataahidi, kisha atalazimika kukimbiza chombo na watoto wakiwa ndani.

Kwa hiyo ombeni jambo moja kabla ya yote: safari ya chombo imalizike siku moja au mbili kabla ya ndege. Kama tiketi haibadiliki, punguzeni usiku mmoja wa Siyu au wa Pate. Mvuke Manda Bay, ile ghuba iliyo kati ya Pate na Manda, na kupita Mkanda siku ya kabla ya mwisho, kwa upepo au kwa mashine, nahodha wenu akiwa kazini na baba yenu akiwa amekaa kivulini. Usiku wa mwisho mtie nanga karibu, upande wa Manda au mbele ya Shela, mahali ambapo taa za Lamu zinaonekana. Siku ya mwisho ya chombo ibaki na kipande kifupi tu cha kurudi mjini. Kipande hicho ndicho cha baba yenu.

Sasa tazameni mwezi. Hili watu wa mjini wamelisahau, lakini baba yako akilisikia atajua unazungumza naye kama mtu wa bahari. Pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni, na katikati ya asubuhi yametoka yote, vichanga na matope viko wazi, na mkondo unavuta kwa nguvu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na mkondo ni mpole. Mkiweza kusogeza tarehe ili asubuhi ya mwisho iangukie maji mafu, mtakuwa mmempa mzee wenu bahari ya kumstahi: maji mengi chini ya chombo saa ya asubuhi, mkondo hauburuti, na kusi bado halijapata nguvu za mchana. Mkiwa na bahati mtapata na umande, ule upepo mwanana wa kutoka bara, alfajiri, hata kama ni kidogo. Mkishindwa kuchagua tarehe, basi mwachieni nahodha achague saa. Msimchagulie ninyi kwa kutazama ratiba ya ndege.

Nimesikia la kaka yako na nguru wa Manda Toto. Mwambie hapana, na umwambie kwamba nimesema mimi. Kushuka na bahari kuu nje ya Manda mwezi wa Agosti, kusi likiwa usoni na bahari yote ya Hindi ikija juu yenu, pamoja na watoto wasiozoea na mzee wa miaka 74, si uvuvi. Halafu mkifika Ras Kitau kuingia mlango wa Shela, kama maji yanapwa, mkondo unaotoka unakutana na upepo unaoingia na mawimbi yanasimama wima. Watu wa Shela wanaujua mlango huo na wanauheshimu. Kama roho inamtuma nguru, akodi mashua yeye na rafiki zake siku nyingine, watoto wako wabaki nchi kavu. Na Mkanda si njia ya wazee tu. Ni njia ya mabaharia wanaotaka kufika. Akumbuke pia kwamba Manda Bay ya leo si ile ya utoto wenu. Tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe mwaka 2021 kuna meli kubwa zinazoingia na kutoka, na chombo cha tanga kinatakiwa kuzipisha mapema.

Kuogelea Shela ni jambo dogo, fanyeni siku iliyobaki mkiwa nchi kavu. Nenda na watoto upande wa ndani ulio shwari, usiwaache wasogee mlangoni.

Turudi kwa mzee.

Mwanangu, umeandika kwamba mlimwambia, "wewe pumzika, sisi ndio tunaokutembeza." Mlikusudia heshima. Lakini mtu aliyekuwa nahodha akipandishwa chombo kama abiria, akawekewa mto, akaletewa chai, anaona kwa macho yake kwamba kazi yake imeisha na yeye yumo ndani ya kumbukumbu za watu wengine. Miaka yote hajalalamika. Sasa ameomba kitu kimoja, na hakuomba kwa siri, amekuomba wewe binti yake. Ombi kama hilo halikataliwi kwa adabu wala kwa utovu wa adabu. Linatafutiwa njia.

Njia yenyewe inaanza kwa nahodha mliyemkodi. Chombo kile ni chake au amekabidhiwa yeye, na roho zilizomo ziko shingoni mwake. Asiletewe habari hii siku hiyo hiyo watu wakiwa wameshakaa. Wala asiambiwe na wewe kwa simu kutoka Leicester, wala na kaka yako kwa sauti ya mlipaji. Siku mnapofika Lamu, baba yako na nahodha wakutanishwe, wanywe kahawa barazani, wawili peke yao. Lamu ni ndogo. Baba alishakuuliza nahodha ni mtoto wa nani, na hakuuliza bure. Huenda alisafiri na babu yake. Wao watapimana. Mtu wa bahari akizungumza na mwenzake dakika chache anajua kama yule mwingine bado anajua anachosema. Nahodha akirudi kwenu akasema sawa, basi ni sawa. Akisema si sawa, hapo ndipo mtakubali, na baba yako pia atakubali, kwa kuwa amekataliwa na mwenzake na si na watoto aliowalea.

Sharti ni moja na liwekwe wazi mapema: nahodha wa chombo ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema nipe, baba anampa, hapohapo, bila mjadala. Baba yako alikuwa nahodha, sheria hiyo anaijua kuliko ninyi nyote. Na nahodha mwenyewe asiondoke tezi. Akae pale pale, mkono karibu na kana, ule mti wa kugeuzia usukani, na baharia mwingine awe kwenye demani, kamba ya tanga, tayari kuilegeza tanga likizidiwa.

Kuhusu jicho, hapa nataka uwe makini. Mtu aliyetolewa mtoto wa jicho upande mmoja na bado ana ukungu upande wa pili hapimi vizuri umbali wa karibu. Kuongoza chombo katikati ya mlango wa bahari, akifuata minara na majumba anayoyajua tangu utotoni, hilo analiweza, kwa sababu alama zake ni kubwa na ziko mbali, na mwili wenyewe unausikia upepo shavuni. Kukileta chombo gatini Lamu, mashua na boti za mashine zimejazana, watoto wanaruka majini, kamba zinarushwa, hilo asipewe. Hata vijana wenye macho mazima hugonga pale. Basi mpangeni na nahodha mahali pa kukabidhiana, mbali kabla ya gati, pengine mkiwa mnaanza kuziona nyumba za mbele ya mji moja moja. Pakitajwa mapema hapatakuwa na fedheha. Nahodha wa jahazi kubwa hana aibu kumpa mwenzake chombo bandarini.

Dawa: usimruhusu mtu yeyote, pamoja na yeye mwenyewe, kuziacha siku hiyo ili asisumbuliwe na kwenda haja. Wazee wengi hufanya hivyo safarini, nao hawasemi. Dawa ya kukojoza inatoa maji mwilini, jua la chomboni linatoa mengine, na mtu wa presha akisimama ghafla kichwa kinazunguka, na chomboni kichwa kikizunguka hakuna ukuta wa kushika. Kabla ya safari binti ya ami yenu ampeleke kwa daktari wake, waulize saa nzuri ya kumeza siku za chomboni na kiasi cha maji anachotakiwa kunywa. Wapange naye pia mahali pa faragha pa haja, pazia la kanga linatosha, ili asijinyime maji kwa kuona haya mbele ya wakwe na wajukuu. Kofia ya ukingo mpana juu ya kofia yake ya vito kama ataikubali, miwani ya jua, shati la mikono mirefu. Aongoze amekaa. Nusu saa, au zaidi kidogo akiwa hajachoka, inatosha. Mabaharia wenyewe hupokezana.

Jaketi za kujiokoa wavae wote, wewe pia, naye pia. Najua atasema hajawahi kuvaa maisha yake. Mwambie wajukuu hawatakubali kuvaa kama babu hajavaa, na hiyo ni kweli tupu, watoto hutazama mzee anafanya nini. Ulizeni siku ya kulipia chombo kama jaketi za ukubwa wa watoto zipo, mzijaribu mwilini, siyo kuonyeshwa rundo tu. Zisipokuwepo chukueni za kwenu kutoka huko.

Na jambo jingine, nalo nimelifikiria sana tangu nisome barua yako. Umesema watoto wako hawajawahi kulala chomboni. Mkubwa wao mkalishe karibu na babu yake muda wote ameshika kana. Usimpe simu ya kupiga picha, kazi hiyo aifanye mtu mwingine. Yeye amtazame tu mkono. Ubaharia wa Lamu hivyo ndivyo ulivyosomwa, mtoto anakaa karibu na mkubwa anayejua, anatumwa kufua maji, anatumwa kushika kamba, na siku moja anaambiwa shika hapa. Kama nahodha ataridhia, babu amwekee mjukuu mkono juu ya kana chini ya mkono wake. Hata Kiswahili cha mtoto kiwe kizito, atamfahamu.

Sasa nyumba.

Kaka yako nadhani anampenda baba yake na ana hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta namna ya kumaliza jambo haraka. Lakini angalia alichosema: tumwambie chomboni kwa sababu hataweza kuondoka. Mwanangu, hiyo ni kumfungia mzee mlango. Amekaa tezi, ameshika usukani, wajukuu wanamwangalia, moyo wake mweupe kuliko miaka mingi iliyopita, halafu watoto wake wanamwambia tumeuza. Atafanya nini? Hatapiga kelele mbele ya mabaharia wa watu. Atanyamaza. Nanyi mtasema amekubali, kama wao walivyosema umekubali wewe kwa kunyamaza.

Tena hilo neno "kumwambia" silipokei. Nyumba ni ya baba yenu. Yu hai, ana akili zake, anauliza tanga la chombo ni jipya au la zamani. Katika dini yetu mirathi huanza mtu akishakufa. Mwenye mali akiwa hai watoto hawana fungu la kugawana, wana wajibu wa kumtunza. Kwa hiyo huko kusema "nyingine tugawane" kuondolewe kwanza mezani. Fedha ya nyumba ya mzee, kama ataamua yeye kuiuza, ni ya mzee hadi senti ya mwisho, na akitaka kumpa binti ya ami yenu anayemtilia chakula kila siku, ni haki yake.

Mnachoweza ni kumuuliza. Na kumuuliza kuna wakati wake: nyumbani kwake, ndani ya nyumba hiyo hiyo, baada ya safari kumalizika na kabla hamjaondoka. Ndiyo maana nilitaka tangu mwanzo zibaki siku moja au mbili kati ya chombo na ndege. Mkishaoga chumvi, mmekula, watoto wamelala, mwambieni, baba, tunaliona dari la chumba cha juu linavuja, tunaogopa litakuangukia. Wewe unaonaje? Kisha mnyamaze ninyi.

Huenda mtashangaa. Mtu aliyebeba boriti ujana wake wote hahitaji kuambiwa kwamba boriti za dari lake zimeoza. Anajua ni ipi, na pengine alijua kabla yenu. Huenda ana fundi wake kichwani. Huenda anataka chumba cha juu kifungwe tu yeye aishi chini, asipande ngazi tena, nalo lingekuwa jambo la busara kwa mtu wa presha. Huenda kweli amechoka na atawaambia uzeni. Hamjui, kwa sababu hamjamuuliza. Lakini nikisikiliza alichokujibu ulipomgusia Mombasa, mimi naona ameshawajibu. Tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, ni huko kote mlikokwenda na mnakotaka kumpeleka. Ngamani, tumboni mwa chombo, ni Langoni.

Mjue vilevile kwamba nyumba ya mawe ya mji wa kale wa Lamu si kiwanja cha kawaida. Mji huo umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na matengenezo ya majumba yake yana taratibu zake, huwezi kubomoa na kupandisha saruji utakavyo. Kabla ya kusikiliza bei ya mgeni, kwendeni kwa watu wa makumbusho pale Lamu mkaulize kuhusu ukarabati, na mpate fundi wa majumba ya mawe aipime dari. Gharama ya kubadilisha boriti za chumba kimoja na gharama ya kumhamisha mzee kutoka mji aliozaliwa haziwekwi kwenye mizani moja. Watatu ninyi mnafanya kazi. Kama kuchanga nauli za safari hii mmeweza, mtachanga na za dari.

Wewe usiendelee kunyamaza. Mpigie kaka yako wiki hii, kabla hajamjibu mnunuzi neno lolote. Zungumza naye kama mdogo wake, kwa upole, umwanzie na kumshukuru kwa kuwa yeye ndiye aliyejali kutafuta njia. Kisha umwambie wazi: kaka, mimi sijakubali, na chomboni jambo hilo halitasemwa. Akikasirika, akasirike nawe sasa mkiwa na muda wa kupatana, siyo Agosti mbele ya baba. Na dada yako umpigie siku hiyo hiyo asije akasikia kwa kaka kwanza.

Nahodha na mabaharia mwape zawadi yao wenyewe mbali na malipo ya chombo, na apewe baba yako aitoe kwa mkono wake. Hilo nalo mlipange kabla, bahasha iwe tayari mfukoni mwake asubuhi hiyo, ili pasiwe na kunong'onezana gatini nani ana shilingi na nani ana pauni.

Halafu, mwanangu, kabla hujalipa sehemu iliyobaki ya chombo, mpigie simu baba. Mwambie usukani ameupata, kama nahodha mwenzake ataridhia. Kisha muulize yeye: baba, Agosti hii maji mafu yanaangukia siku gani, na wewe ungetupangia turudi kwa njia ipi? Chukua kalamu, uandike atakachokwambia, umtumie kaka yako.